Mwangwi wa Nyumba ya Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika, wakisali na kufunga milango kama sisi, palikuwa na shule moja kando ya mwamba. Paa lake lilikuwa mbingu, na mwalimu wake alikuwa Kanga.

Msiniharakishe. Nitakwenda polepole, na Mungu akipenda tutafika.

Shule ile ilikuwa karibu na maporomoko ya maji, mahali pazuri penye ubaridi. Walisoma mengi, lakini somo kubwa kuliko yote lilikuwa moja: kukimbia. Kila mwaka, mvua zikishakwisha na majani yakawa marefu, Chui hushuka bondeni. Basi Mwalimu Kanga alikuwa akipanda juu ya kichuguu na kupiga ukelele: "Kekekekee!" Hapo kila mtoto anatakiwa ainuke, puu! akimbilie kwenye nyufa za mwamba.

Walifanya mazoezi kila siku. Kekekekee! Watoto wa upande wa kulia, puu! wameondoka. Watoto wa upande wa kushoto, siku nyingine wanaondoka, siku nyingine wameketi tu, wanamtazama mwalimu kama mtu anavyotazama mvua dirishani.

"Wakaidi hawa!" Mwalimu Kanga alilalamika. "Vichwa vya mawe!"

Upande huo wa kushoto aliketi Chepe, mtoto wa Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Ni mnyama mdogo, mnene kidogo, hana mkia, anaishi katika miamba. Ukimwona utasema ni sungura aliyesahau masikio nyumbani.

Bi Pimbi alikuwa na watoto wawili. Mwaka uliotangulia, Chui aliposhuka, yule mkubwa alibaki ameketi.

Sitasema zaidi hapo. Bi Pimbi akabaki na Chepe. Na Chepe alipoanza shule, akapewa nafasi ileile ya kaka yake.

Baada ya msiba ule, Malkia wa nchi, Simba Jike, aliita baraza. Na msiniulize Simba alikuwa akila nini siku zile. Babu yenu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniuliza hivyo kila mara nilipofika hapa, na hata yeye sikumjibu.

Simba Jike akasema, "Nataka kujua kwa nini watoto wengine hawakimbii. Tembo, Twiga na Kifaru, ninyi ni wakubwa na mna sifa. Fanyeni utafiti. Mkipata jibu, nileteeni."

Wakaenda. Tembo alikwenda peke yake, Twiga peke yake, Kifaru peke yake. Wote watatu walichunguza watoto walewale, na hakuna aliyemsalimu mwenzake njiani. Mwalimu Kanga hawakumsalimu kabisa. Walimpita pale kichuguuni kama vile yeye ndiye kichuguu.

Baada ya muda wakarudi barazani.

"Jibu ninalo," Tembo akasema.

"Hata mimi ninalo," Twiga akasema.

"Langu nililipata kabla yenu," Kifaru akasema.

"Alhamdulillahi," akasema Simba Jike. "Haya, semeni."

Kila mmoja akamtazama mwenzake.

Sasa sikilizeni desturi yao. Katika baraza lile, anayeleta jibu hukalishwa kwenye jamvi la mbele, ngoma inapigwa, na jina lake linatajwa mbele ya majina yote. Jamvi la mbele lilikuwa moja.

"Kwanza tujue," Tembo akasema, "litatajwa jina la nani mwanzo?"

"La mwenye macho ya mbali," Twiga akajibu.

"Macho ya mbali!" Kifaru akacheka. "Wewe hata miguu yako huioni!"

"Na wewe Kifaru, huoni hata pua yako, na imebeba pembe!"

"Sema tena! Sema tena nikuonyeshe!"

Basi ikawa hivyo. Walikalia majibu yao kama kuku anavyokalia mayai. Baraza likaitishwa, likavunjika. Likaitishwa tena, likavunjika tena. Mvua zikanyesha, zikakwisha. Na majani, wanangu, majani hayangoji baraza. Yakaanza kurefuka.

Bi Pimbi alikuwa akikaa mlangoni pake anayatazama majani yale. Siku moja akasimama, akajifunga leso kiunoni, akaenda kwa Tembo.

"Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba! Nani huyo? Sikuoni."

"Niko huku chini, mbele ya ukucha wako."

"Ah, Bi Pimbi! Unasemaje?"

"Mzee, nasikia una jibu zito. Jibu zito likikaa sana tumboni huchacha. Njoo kesho jua likipinda, unywe uji wa ulezi kwangu, ulifanyie mazoezi kabla ya baraza. Lakini uje kwa siri, wenzako wasije wakalisikia. Pita upande wa dirisha."

"Kwa siri kabisa!" Tembo akanong'ona, na miti ikayumba.

"Jambo moja tu, Mzee. Nyumba yangu ina mwangwi."

"Mwangwi hauna neno. Unarudisha tu ulilosema."

"Huu wangu umesoma kidogo," akasema Bi Pimbi. "Wakati mwingine unabisha."

Akatoka hapo akaenda kwa Twiga, akamwambia maneno yaleyale, ila yeye alimwambia apitie nyuma ya mwamba, apenyeze kichwa katika tundu la moshi. Akaenda kwa Kifaru, maneno yaleyale, yeye akaambiwa aje mlangoni. Na mwisho akaenda kwa Mwalimu Kanga.

"Mwalimu, kesho njoo kwangu. Wewe utakaa ndani, nyuma ya kinu."

"Nyuma ya kinu nikafanye nini?"

"Usikilize. Na ukiwa na neno, ulitoe."

"Neno langu nani atalitaka? Hata salamu hawanipi."

"Kwangu watalitaka," Bi Pimbi akasema.

Kesho yake Bi Pimbi akateleka uji. Akawasha kuni mbichi, moshi ukajaa mpaka juu, ili Twiga mwenye macho asione. Akakaanga vitunguu saumu, chwaaa! ili Kifaru mwenye pua asinuse. Na Tembo mwenye masikio? Huyo alishamwandalia mwangwi.

Jua likapinda. Tembo akaja akinyata upande wa dirisha, akabandika sikio lake moja, likaziba dirisha lote. Twiga akaja kwa nyuma, akashusha kichwa katika tundu la moshi, akafumba macho. Kifaru akaja mlangoni, akaingiza pua mpaka pembe ikakwama. Mwamba ule ulikuwa mkubwa kama kilima. Aliye upande huu hamwoni wa upande ule. Kila mmoja akadhani yuko peke yake na Bi Pimbi.

"Karibu, Mzee," akasema Bi Pimbi. Alisema mara moja tu, na watatu wote wakaitikia moyoni. "Haya, lete jibu lako."

Tembo akaanza. "Mimi nimesimama pale shuleni, nimesikiliza kwa masikio na kwa nyayo. Watoto wa kushoto hawasikii. Maporomoko yananguruma, shaaaa! Sauti ya mwalimu inafia njiani."

"Si kweli!" sauti ikasema kutoka juu.

Tembo akashtuka. "Nani huyo?"

"Mwangwi," Bi Pimbi akasema, anakoroga uji.

"Mwangwi gani unaobisha?"

"Nilikwambia, Mzee. Huu umesoma."

Na kule juu Twiga naye alikuwa akishangaa. "Bi Pimbi, mbona mwangwi wako unaniuliza mimi nani?"

"Ujibu tu, Mzee. Ukiuogopa unazidi."

Mtasema, bibi, hawakujuana sauti? Hawakujuana, wanangu. Miaka yote ile hawakuwa wamesikilizana hata siku moja. Mmoja akisema, mwenzake alikuwa akifikiria atakalosema yeye. Sauti zao wangezijulia wapi?

Twiga akakohoa kwa moshi, akasema, "Wewe Mwangwi, kama hawasikii, mbona siku nyingine wanakimbia? Mimi nimewatazama kutoka juu. Wanatazama mkia tu! Mkia wa Binti Ngiri, anayeketi mbele kushoto. Unajua ngiri akikimbia mkia wake husimama wima kama mlingoti. Mkia ukisimama, wote wanaondoka. Mkia ukilala, wote wanakaa. Ni waigaji, basi!"

Tembo akatega sikio vizuri. Barazani angepiga kelele. Lakini mwangwi hauwezi kukalia jamvi la mbele, hauna matako. Mtu hawezi kuuonea wivu mwangwi.

"Mkia, ee?" akauliza polepole.

"Mkia."

"Sasa Mwangwi, huoni kwamba wanatazama mkia kwa sababu masikio hayawasaidii?"

"Lo!" akasema Twiga. "Hilo sikuliwaza."

"Nyamazeni wote wawili!" sauti ya tatu ikanguruma kutoka mlangoni. "Bi Pimbi, mwangwi wako una ndugu? Nasikia miwili, na yote haijui kitu. Ni njaa! Mimi nimepita na pua yangu. Pale mbele kushoto siku nyingine pananuka maziwa na kiporo. Siku nyingine pananuka tumbo tupu. Mwenye njaa anakimbiaje? Anasinzia!"

"Mbele kushoto?" Twiga akauliza.

"Mbele kushoto."

"Pale pale anapoketi mwenye mkia?"

"Mimi mkia siuoni. Nimesema pananuka."

Chungu kikatokota, bwata, bwata, bwata. Ndipo sauti ndogo ikatoka nyuma ya kinu.

"Siku hizo za tumbo tupu... ni siku gani?"

"Sijui," Kifaru akasema. "Mimi nanusa, sihesabu."

"Nami nilitazama tu," Twiga akasema.

"Nami nilisikiliza tu," Tembo akasema.

"Ni siku za gulio," ile sauti ndogo ikasema. "Mama Ngiri huondoka alfajiri kwenda kuuza mihogo, na mtoto huja bila kula. Siku za gulio ndizo wanazobaki wameketi. Nilikuwa naliona hilo, nikadhani ni ukaidi wa kutamani gulio. Nikawapiga makelele. Mungu anisamehe."

"Ngojeni, ngojeni!" akasema Tembo, na sikio lake likatikisika mpaka masufuria yakagongana. "Maji yananguruma, kwa hiyo hawasikii."

"Hawasikii, kwa hiyo wanatazama mkia," Twiga akasema.

"Na mwenye mkia ana njaa, amesinzia," Kifaru akasema.

"Siku ya gulio," Kanga akamaliza.

"Eeeeee!" wote wakasema pamoja, na mwamba mzima ukalia eeeeee, na huo ndio ulikuwa mwangwi wa kweli, wa kwanza siku ile.

"Wewe Mwangwi, una akili," Tembo akasema.

"Wewe pia hujambo, Mwangwi," Twiga akajibu.

"Chyaaa!" Kifaru akapiga chafya kwa vitunguu, mfuniko wa chungu ukaruka.

"Kha! Mwangwi una mafua?" Tembo akauliza.

"Ni ubaridi wa mwamba, Mzee," akasema Bi Pimbi. "Kunywa uji wako uende."

Wakanywa, wakaondoka, kila mmoja kwa njia yake, na kila mmoja akamwambia Bi Pimbi usimwambie mtu.

Asubuhi baraza likaitishwa. Safari hii Tembo hakungoja kuulizwa. Akasimama, akasema jambo zima: maji, mkia, njaa, gulio. Watu wakapiga makofi.

"Mwongo!" Twiga akaruka. "Hilo ni jibu langu! Maji, mkia, njaa, gulio!"

"Wezi!" Kifaru akapiga kwato. "Langu hilo! Hata gulio limo!"

"Tulieni," Simba Jike akasema. "Tembo, ulilipata peke yako?"

Tembo akainamisha kichwa. Alikuwa na majivuno, lakini uongo hakuupenda. "Peke yangu... karibu. Nilishauriana kidogo na mwangwi."

"Na nani?"

"Na mwangwi. Wa nyumba ya Bi Pimbi. Ni mwangwi msomi, Malkia."

Twiga akameza mate, na ninyi mnajua Twiga akimeza mate yanachukua muda kufika. "Hata mimi," akasema, "nilishauriana na mwangwi huohuo."

"Nami," akasema Kifaru. "Tena ukaniuliza kama nina mafua."

"Aliyekuwa na mafua nani?" Tembo akageuka. "Sema chyaa."

"Chyaaa."

Lo! Wanangu, baraza lilicheka mpaka ndege wakaanguka matawini. Nyani alijishika mbavu akabingirika kama boga. Ila wale watatu hawakucheka. Kifaru alianza kuchimba ardhi kwa kwato.

"Yuko wapi huyo Pimbi? Ametufanya watoto! Nitamkanyaga awe chapati!"

Bi Pimbi akatoka kati ya miguu ya watu, akasimama katikati, mdogo kama kiatu.

"Nipo, Mjomba Kifaru. Kunikanyaga ni kazi ndogo kwako. Ila naomba neno kwanza." Akawatazama mmoja mmoja. "Mwaka jana mwanangu alibaki ameketi. Mlitumwa mjue kwa nini, nami nikangoja. Mlikuwa na jibu, mmoja kipande hiki, mmoja kipande kile, na kila mmoja amekumbatia chake. Majani yameota tena. Chepe anaketi mahali palepale. Mngeniambia niwabembelezeje? Jina sina, nguvu sina. Nilikuwa na chungu cha uji na nyumba yenye matundu."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Kifaru akaacha kuchimba. Tembo alijipangusa jicho kwa ncha ya mkonga, akasingizia vumbi.

"Na ile sauti ndogo?" Twiga akauliza baadaye. "Ile ya gulio? Ilikuwa ya nani?"

Mwalimu Kanga akainua bawa.

"Hujambo, Mwalimu?" Tembo akasema. Na hiyo ilikuwa salamu yake ya kwanza kwake.

"Sijambo," akasema Kanga. "Nimechelewa kuitikia, kwa kuwa sikuzoea."

Simba Jike akapiga mkono chini. "Basi, mshindi ni Mwangwi. Mwangwi akae kwenye jamvi la mbele!"

Wakakaa wote, kwenye jamvi lile moja. Tembo alikalia robo tatu. Kifaru alibaki na ukucha mmoja ndani na mwili wote nje. Twiga alikunja miguu mpaka magoti yakampita masikio. Kanga na Bi Pimbi wakapanda juu ya kichwa cha Tembo, wakaona mbali kuliko wote.

Kazi ikaanza siku hiyohiyo. Darasa likahamishwa mbali na maji. Mama wote wakaleta unga, Bi Pimbi akawa anapika uji wa asubuhi palepale darasani, na Binti Ngiri akawa wa kwanza kushika kikombe. Watoto wakabadilishwa nafasi kila siku. Mara ya kwanza ilikuwa balaa: walitafuta mkia, hawakuuona, wakaangua kilio. Wale wakubwa watatu na Mwalimu wakakaa tena, wakaulizana, wakasahihishana. Tembo akasema mwalimu awazoeze mwito taratibu, mtoto mmoja mmoja. Kanga akasema hapana, wawili wawili, peke yao wanaogopa. Tembo akasema sawa. Ndiyo, wanangu, Tembo alisema sawa, nami nasimulia kama nilivyosimuliwa.

Kisha ikafika siku moja ya gulio, majani yamefika kifuani. Kanga akaona madoa yakitembea ndani ya majani.

"Kekekekee!"

Puu! Vumbi likatanda. Bi Pimbi aliacha mwiko, akakimbilia kwenye ufa wake wa mwamba, akasimama pale anatazama. Wakaingia watoto wa kulia. Akaingia Binti Ngiri, mkia juu. Wakaingia wengine, na wengine. Chepe hayumo. Bi Pimbi alikaza macho kwenye vumbi lile. Alibaki anataja jina la Mungu tu.

Kisha vumbi likapasuka, akatoka Chepe, amejaa uji kifuani, akaingia ufani, akajitupa kwa mama yake.

"Mama! Leo sikumtazama mtu. Nimesikia! Nimesikia mwenyewe!"

Bi Pimbi alimshika. Hakumwachia upesi.

Chui alifika darasani, akakuta uwanja mtupu. Kwa hasira akalamba chungu cha uji uliokuwa ukichemka. Aiii! Akaondoka bondeni ulimi ukiwa nje, na mpaka leo akisikia harufu ya ulezi hugeuza njia.

Na wale wakubwa? Tangu siku ile, wakitaka kuchunguza jambo la shule, huenda nyumbani kwa Bi Pimbi. Huingiza sikio dirishani, kichwa katika tundu la moshi, pua mlangoni, ingawa wote wanajua nani yuko wapi.

"Hujambo, Mwangwi?"

"Sijambo, Mwangwi mwenzangu. Mwalimu amefika?"

"Nipo, nyuma ya kinu."

"Basi tuanze."

Anayetaka kujua jambo kwa ajili ya watoto, wanangu, na amsikilize mwenzake kabla ya kugombea jina.

Nimefika mwisho wa maneno yangu. Mwenyezi Mungu awalinde, na mkiitwa, msikie.